Kituo Kibaya: Tafsiri ya Qur'ani Mbele ya Chuki dhidi ya Uislamu

Mtoto anayesomeshwa tajwidi hufundishwa mapema kwamba kusoma Qur'ani si kutamka herufi tu, ni kujua pia pa kutua. Juu ya mistari ya msahafu kuna vialama vidogo: mimu inayosema hapa lazima usimame, lamu-alifu inayosema usisimame, jimu inayokuachia hiari. Kisha mwalimu hutoa mfano ambao kila aliyepita chuoni anaukumbuka. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 43, pana maneno "Enyi mlioamini, msiikaribie sala." Ukitua hapo, umemzulia Mwenyezi Mungu amri asiyoitoa, kwa maana aya inaendelea: "hali mmelewa, mpaka myajue mnayoyasema." Wanazuoni wa usomaji wamelipa kosa hili jina, wakfu kabihi, yaani kituo kibaya. Aliyeishiwa pumzi husamehewa kutua popote, lakini akishavuta pumzi hurudi nyuma akaunganisha. Anayetua pale kwa makusudi, akijua maana inaharibika, huyo ana dhambi.

Naanza na somo hili la watoto kwa sababu sijaona ufunguo mwingine unaofungua vizuri zaidi suala hili zito la watu wazima: je, tafsiri ya Qur'ani inaweza kuwa jibu kwa chuki dhidi ya Uislamu? Wapo wanaodhani jibu ni kutafuta aya za upole na kuzitanguliza mbele ya aya za vita. Mimi nasema sivyo. Kazi ya tafsiri ni kurudi pale mtu alipotua vibaya na kuyaunganisha maneno, na kazi hiyo inamhusu anayetuchukia na inatuhusu sisi wenyewe kwa uzito uleule.

Kwanza tujue tunazungumza nini. Istilahi ya islamofobia ilienea baada ya taasisi ya Runnymede Trust ya Uingereza kutoa ripoti yake mwaka 1997, na tangu hapo wengi wameichanganya na ukosoaji. Mtu akisema haamini kuwa Qur'ani imeshuka kutoka kwa Mwenyezi Mungu, au akahoji hukumu fulani ya fiqhi, yaani sheria za dini, hajatuchukia. Amehitilafiana nasi, na Waislamu wamejibizana na watu wa namna hiyo tangu Makka. Chuki huanza pale Muislamu anapohukumiwa kabla hajatenda: jina lake linamnyima kazi, mtandio wake unamfanya atemewe mate njiani, msikiti wake unachomwa kwa kosa la mtu asiyemjua. Tarehe 15 Machi 2019, siku ya Ijumaa, mtu mwenye silaha alishambulia misikiti miwili ya Christchurch, New Zealand, na waumini 51 wakapoteza maisha. Miaka mitatu baadaye Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliifanya tarehe hiyo kuwa siku ya kimataifa ya kupambana na chuki hii.

Muuaji wa aina ile hangojei darsa. Siku nne baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, mwenye kituo cha mafuta huko Mesa, Arizona, aliuawa kwa risasi kwa sababu ya kilemba na ndevu zake. Hakuwa hata Muislamu. Alikuwa mfuasi wa dini ya Sikh. Hakuna tafsiri ya aya yoyote ambayo ingemwokoa, maana hakuulizwa hata anaamini nini. Chuki ya namna hiyo dawa yake ni sheria, ulinzi, ujirani na malezi, na ni kuwaonea masheikh kuwabebesha mzigo huo peke yao.

Lakini chuki hii ina mkono wa pili, na huo umevaa joho la elimu. Unasema hivi: Muislamu mwema ni mwema kwa kuwa hakifuati Kitabu chake, na muovu ni muovu kwa kuwa anakifuata. Ukiyakubali maneno hayo, hakuna Muislamu atakayebaki salama. Jirani uliyekaa naye miaka ishirini bila ya ugomvi anageuka kuwa mtu ambaye bado hajaanza kusoma. Dai hili limejengwa juu ya aya, kwa hiyo linajibika kwa aya.

Hapa Kiswahili chenyewe kinatutega kidogo. Neno moja, tafsiri, tumelibebesha kazi mbili. Tunaliita hivyo tendo la kuhamisha maneno kutoka lugha moja kwenda nyingine, ambalo Kiarabu huliita tarjuma, na tunaita hivyohivyo elimu ya kufafanua makusudio ya aya: ilishuka lini, juu ya nani, neno hili Waarabu walilitumiaje, aya nyingine zinasema nini juu ya jambo hilohilo, Mtume aliitekelezaje. Matokeo yake mtu husoma mstari mmoja wa tarjuma akasema "nimesoma tafsiri". Hajasoma. Kiasi alichoshika ni sentensi iliyovuka bahari bila mzigo wake.

Na tarjuma haikuwa daima kazi ya mtu anayetaka kuelewa. Ya kwanza ya Kilatini, ya Robert wa Ketton, ilikamilika mwaka 1143 kwa agizo la Peter, abati wa Cluny, na shabaha yake ilikuwa kupata silaha ya kuupinga Uislamu. Mwaka 1698 Ludovico Marracci alichapisha Qur'ani kwa Kilatini pamoja na makanusho yake. Kiswahili nacho hakikusalimika: tarjuma kamili ya kwanza iliyochapishwa, ya mwaka 1923, ni ya Godfrey Dale, mmisionari wa Kianglikana aliyefanya kazi Zanzibar. Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy alipotoa yake kamili mwaka 1969, chini ya aya aliweka maelezo ya kumshika msomaji mkono, na humo mna majibu kwa waliotangulia. Kwa hiyo tafsiri kama jibu si mtindo uliozuka baada ya mwaka 2001.

Sasa tuiangalie aya yenyewe inayorushwa zaidi kuliko zote. Kijana mmoja aliwahi kunionyesha simu yake baada ya sala ya Ijumaa. Kwenye picha nyeusi paliandikwa kwa herufi nyekundu: "Wauweni washirikina popote muwakutapo. Qur'ani 9:5." Hakuniuliza kwa ubishi. Aliniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa jibu: "Sheikh, hii ipo?"

Ipo. Tulifungua msahafu, nikamwambia asianze na ya tano, aanze na ya kwanza. Suratut-Tawba inafunguliwa kwa tangazo la kuvunjwa mikataba na washirikina fulani. Mkataba wa Hudaibiya ulifungwa mwaka wa 6 Hijria, sawa na 628, Mtume na Makureshi, kabila lililotawala Makka, wakikubaliana kusimamisha vita miaka kumi. Haikupita hata miwili, kabila la Banu Bakr, walioungana na Makureshi, liliwashambulia kabila la Khuzaa walioungana na Mtume, na Makureshi wakawasaidia washambuliaji. Makka ikafunguliwa, yaani ikaingia mikononi mwa Waislamu, mwaka wa 8. Tangazo hili lilisomwa katika hija ya mwaka wa 9, Abubakar akiwa kiongozi wa msafara na Ali akiwa msomaji. Aya ya 2 inawapa waliotangaziwa miezi minne ya kutembea katika nchi kwa amani. Aya ya 4 inawatoa kabisa wale "mlioahidiana nao, kisha wasikupunguzieni kitu wala wasimsaidie yeyote dhidi yenu". Hao watimiziwe ahadi yao mpaka muda wake. Ndipo inakuja ya 5. Na ya 5 yenyewe haiishii pale picha ilipoishia, mwisho wake ni "basi waachieni njia yao, hakika Mwenyezi Mungu ni Mwenye kusamehe, Mwenye kurehemu."

Kijana akataka kufunga. Nikamwambia soma mstari mmoja zaidi. Akasoma ya 6: "Na mmoja wa washirikina akikuomba ulinzi, basi mlinde apate kuyasikia maneno ya Mwenyezi Mungu, kisha mfikishe mahali pake pa amani." Akanyamaza, akarudia neno "mfikishe". Mshirikina huyu, katika kipindi hichohicho cha vita, haachiwi tu aende zake. Anasindikizwa. Na hakuna sharti la kusilimu. Akishasikia, akakataa, bado anasindikizwa mpaka afike kwao. Aya ya 13 inamalizia picha: hawa ni watu "waliovunja viapo vyao" na "ndio waliokuanzeni mara ya kwanza."

Abu Bakr Ibn al-Arabi, kadhi wa Sevilla aliyefariki mwaka 1148, alisema waziwazi kuwa makusudio ya aya hii ni washirikina wanaokupigeni vita. Mwanazuoni wa Andalusia wa karne ya 12 hakuwa akimjibu mtangazaji wa televisheni. Alikuwa akisoma.

Ningeweza kuishia hapo nikajisifu, lakini nisingekuwa mkweli. Ibn al-Arabi huyohuyo ananukuliwa akisema kwamba aya hii ya upanga imefuta hukumu ya aya 124 za subira, msamaha na kuacha watu, kisha mwisho wake ukafuta mwanzo wake. Hii ndiyo elimu ya naskhi: hukumu ya aya moja kuondolewa na aya iliyokuja baadaye. Wapo mafakihi wakubwa waliojenga juu yake fiqhi ya dola inayopanuka kwa jihadi, wakiishi katika dunia ambayo falme zote ziliona vita kuwa ndiyo hali ya kawaida na sulhu ndiyo dharura. Anayetuchukia akituletea maneno yao, hatuwezi kusema ameyatunga.

Tunachoweza kusema ni kwamba hayakuwa maneno ya wote. Mfasiri At-Tabari, aliyefariki mwaka 923, alipoifikia aya ya 190 ya Suratul-Baqara, "Piganeni katika njia ya Mwenyezi Mungu na wanaokupigeni, wala msianze uadui", alizitaja kauli zote mbili, ya wanaosema imefutwa na ya wanaosema ipo, akaipa nguvu ya pili. Mwanazuoni As-Suyuti, aliyefariki mwaka 1505, aliipunguza orodha ya aya zilizofutwa mpaka zikabaki kama 20. Shah Waliullah wa Delhi, katika karne ya 18, alizifikisha 5 tu. Mwaka 1948 Mahmud Shaltut, aliyekuja kuwa Sheikh wa Azhar, chuo kikuu cha dini cha Misri, alizikusanya aya zote za vita akazisoma kwa pamoja kama mada moja, na akaona kwamba zinasomeka bila ya yoyote kulazimika kuifuta nyingine. Katika hatua zote hizo, muda mrefu kabla ya mitandao, msukumo ulikuwa ni uleule: usitue kabla maneno hayajatimia.

Mfano ninaoupenda kuliko yote hauhusu hata mtu mwenye chuki. Tarehe 12 Septemba 2006 Papa Benedikto wa 16 alihutubia chuo kikuu cha Regensburg, Ujerumani, akanukuu maneno makali ya mfalme wa Bizanti juu ya Mtume. Ghadhabu ilipanda duniani na wengi waliishia kwenye nukuu ile. Lakini katika hotuba hiyo mlikuwa na jambo la kitafsiri lililostahili jibu: aliitaja aya ya 256 ya Suratul-Baqara, "Hapana kulazimishana katika dini", kuwa ni ya kipindi cha mwanzo, Mtume alipokuwa hana nguvu na yumo katika vitisho. Maana ya dai hilo ni nzito. Kama uhuru wa dini ulisemwa na mnyonge, basi ulisemwa kwa kukosa njia.

Wanazuoni 38 walimwandikia barua ya wazi mwezi uliofuata. Hawakutukana. Walisema aya hii ni ya Madina, ya wakati jamii ya Waislamu inapanda kisiasa na kijeshi, na ilikusudiwa kuwaambia Waislamu wenyewe kwamba hawawezi kuulazimisha moyo wa mtu. Na kisa cha kushuka kwake, alichokipokea Abu Daud, mkusanyaji wa hadithi, kutoka kwa sahaba Ibn Abbas, ni kisa cha kina mama. Kabla ya Uislamu, mwanamke wa Madina ambaye watoto wake hawaishi aliweka nadhiri kwamba akibaki naye mmoja atamlea katika Uyahudi. Kabila la Kiyahudi la Banu Nadhir lilipotolewa Madina, walikuwamo watoto wa Ansari, yaani Waislamu wenyeji wa Madina. Wazazi wakasema: hatuwaachi watoto wetu. Ndipo aya ikashuka. Tazama ni nani anayeambiwa "hapana kulazimishana": ni baba na mama Waislamu, wenye nguvu, wanaotaka kuwavuta watoto wao wa kuwazaa. Aliyeambiwa mstari huu alikuwa na uwezo wa kulazimisha, akakatazwa.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 13 Oktoba 2007, wanazuoni 138 walitoa waraka mwingine kwa viongozi wa Kikristo ukisimama juu ya aya ya 64 ya Aal-Imran, "njooni kwenye neno lililo sawa baina yetu na nyinyi." Mwezi Novemba 2008 Waislamu na Wakatoliki walikaa meza moja Vatikani. Fujo za barabarani hazikuzaa hata robo ya hayo.

Nimesema tangu mwanzo kwamba kisu hiki kinatukata na sisi. Ni mara ngapi, baada ya shambulio lolote la kigaidi, tumesikia msemaji wetu akisema "Qur'ani inasema anayemuua mtu mmoja ni kama amewaua watu wote"? Aya ya 32 ya Suratul-Maida inaanza kwa "Kwa sababu ya hayo tuliwaandikia Wana wa Israili", ina istithnai, yaani hali zinazotolewa katika hukumu, ndani yake, na inafuatwa na aya ya 33 yenye adhabu kali kwa wanaoeneza uharibifu. Ujumbe wake wa kuutukuza uhai ni wa kweli kabisa. Lakini tukiukata ili upendeze, tunamfundisha msikilizaji kwamba kukata ni halali, na siku atakapoisoma ya 33 peke yake nyumbani atadhani tulimficha kitu.

Waliotangulia kukata Qur'ani kwa kumwaga damu hawakuwa maadui wa Uislamu. Makhawariji, kundi la Waislamu walioasi, walimkabili khalifa Ali bin Abi Talib kwa neno lililotoka kwenye Kitabu chenyewe, "Hapana hukumu ila ya Mwenyezi Mungu", wakamkufurisha kwalo. Jibu lake limebaki: neno la haki linalokusudiwa batili. Mmoja wao alimuua mwaka 661. Baada ya kundi la wapiganaji la Daesh kujitangazia ukhalifa mwaka 2014, wanazuoni zaidi ya 100 walimwandikia kiongozi wake barua ndefu, na katika mambo ya mwanzo kabisa waliyomkumbusha ni kwamba haifai kutoa hukumu kwa kipande cha aya bila kutazama yote yaliyoteremshwa juu ya jambo hilo. Ukiuweka usomaji wa kundi lile kando ya usomaji wa mwenye picha nyeusi ya kijana wangu, utakuta wote wawili wanatua mahali pamoja. Geert Wilders, mwanasiasa wa Uholanzi, alipotoa filamu yake fupi mwaka 2008, aliweka aya ya 60 ya Suratul-Anfal, ya kuandaa nguvu za kuwatisha maadui. Aya ya 61 inaanza: "Na wakielekea kwenye amani, nawe ielekee." Wapiganaji nao huinukuu ya 60, nao hutua palepale.

Kuna pia mahali ambapo kurudi nyuma na kuunganisha hakumalizi kazi. Aya ya 34 ya Suratun-Nisaa, juu ya mke mwenye nushuzi, yaani uasi kwa mumewe, ina neno "wadhribuhunna", na wafasiri wengi wa zamani na wa leo wamelifahamu kuwa ni kupiga. Wapo waliolipa maana ya kuachana au kuondoka, kama Laleh Bakhtiar katika tarjuma yake ya Kiingereza ya mwaka 2007, na wapo waliowajibu kwamba lugha haiwaungi mkono. Mimi sitamwambia msomaji kuwa neno halipo. Nitamwonyesha kwamba Ibn Abbas alipoulizwa kipigo gani, alitaja mswaki. Kwamba Ataa bin Abi Rabah, mufti wa Makka katika kizazi cha tabiina, waliowafuata masahaba, alisema mume asimpige, amkasirikie tu. Na kwamba Aisha, mke wa Mtume aliyeishi nyumbani kwake, amesema Mtume hakupata kumpiga mwanamke kamwe kwa mkono wake. Haya yamo katika vitabu vyetu vya zamani, na mwanamke Muislamu anayeumizwa ana haki ya kuyasikia kwetu kabla ya yeyote mwingine. Kinachonisikitisha ni kwamba mara nyingi tunayatoa pale tu mwandishi wa habari anapouliza.

Hiyo ndiyo hatari kubwa ya tafsiri inayojibu. Mshitaki ndiye anayepanga maswali. Akiuliza juu ya vita, tunasoma aya za vita; akiuliza juu ya wanawake, tunasoma aya tatu za wanawake; na Qur'ani yenye aya zaidi ya 6,000, inayozungumza juu ya yatima, mizani ya sokoni, mvua, mauti na shukrani, inabaki kabatini. Watoto wetu wanakua wakikijua Kitabu chao kama jalada la kesi. Mfasiri akishakuwa wakili, hofu ya hukumu ya watu humwingia, na hapo ndipo naye huanza kuchagua pa kutua.

Wala Qur'ani haikuacha kusema lolote kuhusu kukutana na dhihaka. Suratun-Nisaa, aya ya 140, inawaambia waumini kwamba wakisikia aya za Mwenyezi Mungu zinakanushwa na kufanyiwa stihizai, wasikae na wenye kufanya hivyo "mpaka waingie katika mazungumzo mengine." Wengi huisoma kama amri ya kuwasusia watu. Lakini usitue kwenye "msikae nao". Iko ile "mpaka". Wale wale waliokejeli, wakibadilisha mazungumzo, inajuzu kurudi na kuketi nao tena.